Tupime Damu Kabla ya Posa, Tusingoje Maziko

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Ndugu zetu Waislamu, wazazi wetu na wanafunzi wetu, sifa njema zote zinamstahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake. Ama baada ya hayo, leo tumeona tulizungumze jambo ambalo wengi wetu tunaujua uchungu wake, lakini wachache wetu tunaijua hesabu yake. Nalo ni ugonjwa wa selimundu, ambao majumbani tunauita siko seli, na namna mtoto anavyoupata kutoka kwa wazazi wawili ambao wenyewe ni wazima kabisa.

Tumewahi kwenda kumzika mtoto wa miaka sita wa familia moja katika jumuiya yetu. Tangu anatambaa alikuwa akivimba mikono na miguu, macho yakigeuka manjano, na usiku akilia kwa maumivu ya mifupa. Aliongezewa damu mara nyingi hata tukaacha kuhesabu. Baada ya arobaini maneno yakaanza: mawifi wakasema ukoo wa mama una mkosi, mama mkwe akasema mwanawe alioa pasipofaa. Haukupita mwaka mama yule akarudishwa kwao na talaka yake mkononi. Mume akaozeshwa binti wa upande wao, tena wa ukoo mmoja, ili damu iwe safi. Mtoto wa pili wa ndoa hiyo mpya naye akaanza kuvimba mikono.

Hapo ndipo wazee walipokwenda hospitali kuuliza. Jibu walilopewa lingeweza kutolewa miaka kumi nyuma, kabla ya posa ya kwanza, kwa tone la damu na karatasi iliyochorwa visanduku vinne. Yule mama wa kwanza hakuwa ameleta mkosi. Alileta nusu ya sababu, na nusu ya pili aliileta mume mwenyewe.

HESABU YA VISANDUKU VINNE

Wanafunzi wetu wa sekondari wanaisoma hesabu hii katika baiolojia, wanaifanyia mtihani, kisha wanaisahau. Tunawaomba safari hii waifungue mbele ya baba na mama.

Mwanzo wake ni Gregor Mendel, mtawa wa Kikatoliki aliyeishi katika mji wa Brno. Kati ya mwaka 1856 na 1863 alipanda njegere kwa maelfu katika bustani ya nyumba ya watawa. Alichukua njegere zenye punje za mviringo laini akazichanganya na zenye punje zilizokunjamana. Kizazi cha kwanza chote kikatoka laini, kana kwamba ile mikunjo imepotea duniani. Alipokiacha kizazi hicho kijizalishe chenyewe, mikunjo ikarudi: alihesabu punje laini 5,474 na zilizokunjamana 1,850. Yaani karibu tatu kwa moja. Alichapisha kazi yake mwaka 1866, wachache wakaijali, na mwenyewe akafariki mwaka 1884. Ilipofika mwaka 1900 ndipo wataalamu walipoifufua. Baadaye Reginald Punnett, mwalimu wa Cambridge, akaweka hesabu hiyo katika visanduku ambavyo leo kila mwanafunzi anavichora.

Alichokifahamu Mendel ni hiki. Kila sifa ya namna hiyo huandikwa mara mbili ndani ya kiumbe, andiko moja kutoka kwa mama na moja kutoka kwa baba. Leo andiko hilo tunaliita jeni. Yapo maandiko yanayotawala na yapo yanayojificha. Lile linalojificha halifi. Linaweza kukaa kimya katika kizazi kimoja, viwili au vitatu, likangoja mpaka likutane na mwenzake.

Sasa tuje kwenye damu. Jeni ya himoglobini ya kawaida tuiite A, na ile ya selimundu tuiite S. Mwenye AA hana jeni hiyo kabisa. Mwenye AS anaibeba lakini kwa kawaida haumwi: anafunga, anacheza mpira, anazaa, anazeeka, na huenda asijue maisha yake yote. Mwenye SS ndiye mgonjwa. Chembe zake nyekundu za damu hujikunja kama mundu, huvunjika mapema na kuziba mishipa midogo, na hapo ndipo hutoka yale maumivu, upungufu wa damu na maradhi ya mara kwa mara. James Neel wa Marekani ndiye aliyeonesha mwaka 1949 kwamba wazazi wote wawili wa mtoto wa namna hii huwa wamebeba jeni hiyo.

Chukueni karatasi, mchore mraba na kuugawa mara nne. Mama mwenye AS anaweza kutoa A au S. Baba mwenye AS naye anaweza kutoa A au S. Basi yapo makutano manne:

1. A ya mama na A ya baba: mtoto AA.
2. A ya mama na S ya baba: mtoto AS.
3. S ya mama na A ya baba: mtoto AS.
4. S ya mama na S ya baba: mtoto SS.

Kisanduku kimoja kati ya vinne ni mgonjwa, viwili wanabeba kama wazazi wao, na kimoja hana kitu. Ikiwa mmoja wa wanandoa ni AA na mwingine ni AS, chora tena: nusu ya visanduku ni AA, nusu ni AS, na hakuna SS hata kimoja. Ikiwa mmoja ni SS na mwenzake ni AA, watoto wote watakuwa AS, wazima. Lakini SS akioana na AS, nusu ya visanduku ni SS. Tazameni jinsi uamuzi mmoja wa posa unavyobadilisha karatasi nzima.

MAMBO MATATU TUNAYOYAKOSEA

La kwanza, watu husikia "mmoja kati ya wanne" wakadhani ni zamu. Tumewasikia wazazi wakisema: tumekwisha kumpata mgonjwa mmoja, sasa watatu wanaofuata ni salama. Sivyo, ndugu zetu. Kila mimba inaanza hesabu upya, kama kurusha sarafu: kupata upande mmoja leo hakuiambii sarafu ifanye nini kesho. Wazazi wawili wa AS wanaweza kupata watoto wanne wazima, na wanaweza kupata wagonjwa wawili mfululizo. Wenye kupenda hesabu watazame: wakizaa watoto wanne, uwezekano wa wote kuepuka SS ni robo tatu zidisha mara nne, yaani 81 kati ya 256, kiasi cha asilimia 32. Uwezekano wa kupata angalau mgonjwa mmoja ni kiasi cha asilimia 68. Hili si jambo dogo la kuachia bahati.

La pili, tunadhani aliye mzima hana haja ya kupimwa. Kijana ambaye ndugu yake wa baba na mama ni SS, na yeye mwenyewe ni mzima, hebu arudi kwenye karatasi. Kisanduku cha SS tukifute, kwa kuwa yeye si mgonjwa. Vimebaki vitatu, na viwili kati ya hivyo ni AS. Yaani kuna uwezekano wa mbili kwa tatu kwamba anaibeba jeni hiyo. Huyu ndiye wa kwanza kutakiwa kupima, naye mara nyingi ndiye wa mwisho.

La tatu, tunadhani kuoa ndani ya ukoo kunasafisha damu. Ndoa ya mabinamu ni halali katika dini yetu na sisi hatuna mamlaka ya kuharamisha alichohalalisha Mwenyezi Mungu. Lakini halali haina maana ya kufumba macho. Babu akiwa AS na bibi AA, kila mtoto wao ana nusu ya uwezekano wa kuibeba, na kila mjukuu ana robo. Wajukuu wawili wakioana, wanachota katika kisima kimoja. Kama ukoo unaibeba jeni hiyo, kubaki ndani ya ukoo kunaikaribisha, hakuifukuzi. Ndiyo yaliyoikuta familia tuliyoitaja mwanzo.

KWA NINI KWETU NI WENGI

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini maradhi haya yamejaa kwetu na si kwingine? Mwaka 1954 Anthony Allison, mtaalamu aliyekulia Kenya na kufanya uchunguzi wake katika nchi zetu hizi za Afrika Mashariki, alionesha kwamba mwenye AS hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Mahali penye malaria nyingi, watoto wa AS waliokoka zaidi utotoni, wakakua na kuirithisha jeni hiyo. Kwa hiyo S haikuingia katika damu zetu kwa laana. Ilibaki kwa sababu iliwalinda babu zetu na mbu. Tatizo linakuja pale wabebaji wawili wanapokutana.

Na wabebaji ni wengi. Uganda ilipima damu ya watoto wachanga karibu 100,000 kutoka kila pembe ya nchi, na matokeo yakachapishwa mwaka 2016: asilimia 13.3 walikuwa AS, na asilimia 0.7 walikuwa wagonjwa. Tufasiri. Katika safu moja ya sala yenye watu thelathini, wanne hivi huenda wanaibeba bila kujua. Na vijana wakioana bila kuulizana, kiasi cha ndoa mbili katika kila mia zitakuwa za AS na AS.

TUACHE KUMTUPIA MAMA LAWAMA

Wapo wanaosema mambo haya ya kurithi ni elimu ya kigeni. Tuwakumbushe tukio lililopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Huraira (R.A.). Bedui mmoja alimjia Mtume (S.A.W.) akaeleza kwamba mkewe amezaa mtoto mweusi, na maneno yake yalielekea kumkana mtoto. Mtume (S.A.W.) hakumkaripia. Alimuuliza kuhusu ngamia wake, naye akasema ni wekundu. Akamuuliza kama miongoni mwao yupo wa kijivu, akasema yupo. Akamuuliza huyo ametokea wapi, na bedui mwenyewe akajibu kwamba huenda ameivuta asili ya zamani. Basi akaambiwa kwamba huenda na mwanawe ni vivyo hivyo.

Sisi hatusemi kwamba hadithi hii ni somo la baiolojia, wala hatupendi tabia ya kuibebesha dini yetu kila kinachogunduliwa maabara. Rangi ya ngozi nayo haifuati jeni moja, inafuata nyingi, kwa hiyo msiichoree visanduku vinne. Tunachokichukua hapa ni adabu. Mwanamme alikuja na shaka juu ya mkewe, akarudishwa nyumbani na sababu ya kuiondoa shaka ile.

Adabu hiyo tunaihitaji mpaka leo. Tumesikia ndoa ikitikisika kwa sababu baba ana kundi A la damu, mama ana kundi A, na mtoto ametoka na kundi O. Watu wakanong'ona. Laiti wangemuita mwanafunzi yeyote wa sekondari! Jeni ya O inajificha chini ya A. Baba anaweza kuwa AO na mama AO, na wote wawili wakasomeka kuwa ni kundi A. Chora visanduku: kimoja kati ya vinne ni OO, yaani kundi O. Mtoto ni wao. Aliyenong'ona ndiye anayepaswa kuomba msamaha, kwani kumsingizia mwanamke mwenye heshima ni katika madhambi makubwa.

MAJIBU KWA WANAOPINGA

Tukilisema hili misikitini tunapata hoja tatu, nazo zinastahiki kujibiwa kwa heshima.

Hoja ya kwanza: je, huku si kujua ghaibu? Aliye tumboni si anajuliwa na Mwenyezi Mungu peke yake? Tunajibu: visanduku havimjui mtoto. Havisemi atakuwa wa kike au wa kiume, hai au mfu, mwema au muovu. Havisemi hata kama mtoto huyu ndiye atakayekuwa SS. Vinasema tu kwamba njia hii ina hatari ya robo na ile haina. Mkulima anayechagua mbegu hadai kujua ghaibu, na anayetazama mawingu akaanua nguo hadai kujua ghaibu.

Hoja ya pili: tumtegemee Mungu tu. Sawa, lakini sote tunamkumbuka yule mtu aliyeuliza kama amwache ngamia wake bila kumfunga na kutegemea, akaelekezwa na Mtume (S.A.W.) amfunge kwanza kisha ategemee. Kupima damu ni kamba ya ngamia.

Hoja ya tatu ndiyo nzito kuliko zote, na tunakiri kwamba inatuumiza: binti akijulikana kuwa ni AS, nani atamposa? Hofu hii ni ya kweli. Tumeona siri za maabara zikifika sokoni kabla ya adhuhuri. Lakini turudi kwenye karatasi. Binti mwenye AS anaweza kuolewa na kijana yeyote mwenye AA, na hakuna hata mtoto mmoja wa ndoa hiyo atakayekuwa SS. Walio AA ndio wengi katika jamii. Huyu binti si mgonjwa, hana kasoro, na wala kijana mwenye AS hana ubora wowote juu yake. Linalotakiwa ni wao wawili wasikutane bila kujua. Na aibu hii inaisha siku sote tutakapopima, kwani kinachopimwa na kila mtu hakimwaibishi mmoja.

TUNAPENDEKEZA NINI

Nchini Saudi Arabia, tangu mwaka 2004, wachumba wanatakiwa kupima selimundu na thalasemia kabla ya kufunga ndoa, kisha uamuzi unabaki kwao. Nchi ya misikiti miwili mitukufu haikuona kwamba jambo hili linapingana na nikahi. Nasi kuanzia Nyamirambo mpaka Buyenzi mpaka Kampala hatuna haja ya kungoja serikali itulazimishe. Tunaweza kuanza na haya:

Wazazi wapime watoto wao mapema, wakiwa bado shuleni, kabla moyo haujapenda. Kumwambia kijana habari hii wakati mahari imekwisha pokelewa na kadi zimekwisha sambazwa ni kumtesa.

Walii anapojiwa na posa, swali la AS liwe pamoja na maswali ya dini na tabia. Aulizwe kijana na aulizwe binti, kwa faragha, bila dharau.

Maimamu na makadhi wawakumbushe wachumba, na hutuba moja kwa mwaka iwe juu ya jambo hili. Majibu ya maabara yabaki amana. Mwenye kuyatangaza amevunja amana.

Kipimo kiwe cha uhakika. Kipo kipimo chepesi kinachoonesha kwamba S ipo, lakini hakitofautishi AS na SS. Ombeni kile kinachotenganisha aina za himoglobini, na mpate jibu lililoandikwa. Na majibu yenu yafasiriwe na daktari, kwani S huweza pia kukutana na thalasemia, na karatasi yetu ya visanduku vinne hapo haitoshi.

Na wale ambao wamekwisha oana, wote AS, wasichukue maneno yetu kuwa ni amri ya kuachana. Hilo hatukulisema. Wajue tu hatari yao, na kila mtoto apimwe akiwa mchanga. Zamani wengi walikufa kabla ya kugunduliwa. Leo mtoto wa SS anayepata chanjo, kinga ya malaria na kliniki ya mara kwa mara ana matumaini makubwa. Ipo dawa ya haidroksiurea: utafiti uliofanyika Uganda, Kenya, Kongo na Angola, uliochapishwa mwaka 2019, ulionesha kwamba inapunguza maumivu, malaria, kuongezewa damu na vifo vya watoto hawa. Mtoto huyo ni amana kama wengine, anastahiki madrasa, shule na mapenzi, wala asiitwe wa kuumwa.

Tunamalizia na yule mama aliyerudishwa kwao. Hakuna aliyekwenda kumtaka radhi, nasi tuliokuwa maziaroni siku ile tumo katika lawama hiyo, kwa kuwa tuliyasikia maneno ya mawifi tukanyamaza. Tunamuomba Mwenyezi Mungu atusamehe. Na tunawaomba ninyi, ndugu zetu, leo baada ya Isha mkae na watoto wenu, mchukue kalamu na karatasi, mchore visanduku vinne. Mwanafunzi wa nyumbani ndiye awe mwalimu. Kisha kesho mwende mkapime.

Wabillahi tawfiq.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.